Chapo Haina Kesi: Historia Fupi ya Tumbo la Mwezi

Siku hizi hapa Kisumu Ndogo, msichana akijikunja kwa tumbo la mwezi hakosi mtu wa kumwambia: "Wacha ngano. Ni hiyo gluteni inakumaliza." Basi chapo inawekwa kando, mandazi inakataliwa, na mwenye kakitu mfukoni anaenda supermaketi kutafuta unga ulioandikwa hauna gluteni: kapakiti kadogo, bei kubwa. Sina ugomvi na mtu kuchagua chakula chake. Lakini hii kesi dhidi ya chapo ukiipeleka mbele ya historia, inaanguka.

Tuanze na ngano yenyewe. Kwa wengi wetu si chakula cha mababu. Mwaka wa 1903 Lord Delamere alipata shamba kubwa kule Njoro, akajaribu ngano, ugonjwa wa kutu ukaivuruga. Hakuachia hapo. Mwaka wa 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga nafaka, Unga Limited. Chapati nayo ilienea bara pamoja na Wahindi, wakiwemo wale zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901, ile reli iliyofika Kisumu yenyewe, Kisumu kubwa.

Sasa fikiria kina shosho wa kabla ya hapo. Upande wa ziwani walikula kuon ya mtama na wimbi, uji wa wimbi, samaki, mboga za kienyeji. Gluteni hapo hakuna hata chembe. Kama kuacha ngano ndiyo dawa, hao hawangejua maumivu ya hedhi ni nini. Lakini walijua vizuri sana. Dani yangu alikulia Siaya, mahali chapati ilionekana Krismasi tu, na ameniambia walivyofanya: unafunga leso tumboni kwa nguvu, unakunywa kitu moto, unaenda kuteka maji. Na hata ugali wa sembe tunaosonga leo hauna gluteni. Tumbo bado linauma.

Sisemi gluteni ni hadithi. Kuna watu inawaumiza kweli, na tulijua hivyo kwa njia ya huzuni. Willem Dicke, daktari wa watoto huko Uholanzi, alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Halafu ikaja njaa kali ya 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika, na watoto wake wenye ugonjwa wa seliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Mwaka wa 1950 akayaandika hayo yote. Kwa hivyo ukila ngano ukaharisha kila mara, tumbo likajaa gesi, ukakonda na damu ikapungua, nenda upimwe, na usiache ngano kabla ya kipimo, maana majibu yanaweza kudanganya. Huo ni ugonjwa wa utumbo. Tumbo la mwezi linatoka kwa nyumba ya uzazi, na hilo lina historia yake.

Miaka mingi madaktari wengi waliona haya maumivu ni mambo ya akili, eti msichana ana wasiwasi au hataki kuwa mwanamke. Mwaka wa 1957 mtafiti wa Uingereza, V. R. Pickles, akaonyesha kuwa ndani ya damu ya hedhi kuna kitu kinachofanya msuli kujikaza. Baadaye ikaonekana ni kemikali zinazoitwa prostaglandini, na wanaoumia sana huwa nazo nyingi. Zinakaza nyumba ya uzazi mpaka damu inashindwa kupita vizuri kwenye msuli, na hapo ndipo unauma. Mwaka wa 1971 John Vane akaeleza kwamba aspirini inafanya kazi kwa kuzuia mwili kutengeneza hizo kemikali. Mwaka wa 1982 yeye na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel.

Ibuprofeni ni ya ukoo huo huo, na iko kwa kemisti yoyote mtaani. Inasaidia zaidi ukiimeza mapema, maumivu yakianza, ukiwa umekula. Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, au pumu inayochokozwa na dawa hizi aulize kwanza. Chupa ya maji moto juu ya tumbo pia inasaidia. Dani na leso yake na kile kitu moto hakuwa mbali na ukweli. Na kama una seliaki, muulize mfamasia kidonge kimeshikanishwa na wanga gani. Vingi ni vya mahindi, lakini swali halina hasara.

Sasa cheki historia yetu ya sheria. Mwaka wa 2004 Kenya iliondoa ushuru wa pedi. Mwaka wa 2017 ikapitishwa sheria ya kuwapa wasichana wa shule pedi za bure. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia bungeni na doa kwenye suruali yake, akaambiwa aondoke, na nchi nzima ikabishana. Hayo yote ni muhimu, lakini angalia vizuri: yote ni juu ya damu. Maumivu bado hatujayajadili. Zambia hapo kusini inampa mwanamke siku moja ya kupumzika kila mwezi kisheria. Huku kwetu unaambiwa uvumilie.

Na uvumilivu una gharama. Njambi Koikai, yule tuliyemjua redioni kwa reggae, aliumia tangu akiwa na miaka 13. Ilichukua miaka mingi ugonjwa wake kujulikana: endometriosisi, iliyokuwa imefika hadi kwenye mapafu. Alitibiwa Marekani, akarudi, akatumia sauti yake kuwaamsha wengine. Alifariki Juni 2024. Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huu unawapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190.

Ndiyo maana hii stori ya gluteni inaniudhi. Msichana anamaliza mwaka mzima akiikataa chapo, halafu akizidi kuumia anaambiwa labda alionja mandazi. Kosa linakuwa lake. Mwaka huo angekuwa kwa daktari.

Kwa hivyo, dadangu: kama maumivu yanakukosesha darasa au kazi kila mwezi, kama dawa haisaidii, kama unatapika au kuzimia, nenda hospitali. Andika tarehe, andika uliumia siku ngapi, na ukiambiwa "ni kawaida," uliza tena. Chapo madondo kula tu, kama hospitali haijakukataza.