Injini ikigonga asubuhi ya baridi: Jinsi ya kutambua chanzo

KERINGET, katika Kaunti ya Nakuru, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ya alfajiri ni kali. Hiyo ndiyo saa ya kuwasha magari ya kubeba maziwa, viazi na abiria wanaoelekea Molo, na ndiyo saa ambayo wenye magari wengi husikia injini ikigonga.

Baadhi ya milio hiyo haina madhara makubwa. Mingine ni onyo kwamba injini itaharibika kabisa gari likiendelea kutumiwa. Kinachoitofautisha ni muda inaodumu, mahali inapotoka na jinsi inavyobadilika injini inapopata moto.

Anza na oili

Pima oili kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali tambarare. Gari linapolala, oili huteremka chini ya injini. Baridi nayo huifanya kuwa nzito, hivyo pampu huchelewa kuifikisha juu. Kwa muda huo mfupi, tapeti na cheni ya injini hugonga.

Mlio mwepesi wa ta-ta-ta kutoka sehemu ya juu, unaokoma baada ya sekunde mbili tatu, aghalabu hutokana na hali hiyo. Ukidumu zaidi, huenda oili imepungua, imechakaa au ni nzito kupita kiasi. Filta hafifu isiyozuia oili kurudi chini pia huleta tatizo hilo.

Kwenye mkebe wa oili, nambari iliyo kabla ya herufi W huonyesha inavyotiririka wakati wa baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyopita kwa wepesi. Kwa hivyo, 5W-30 hufika juu haraka kuliko 20W-50. Hata hivyo, fuata kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha gari.

Milio inayokoma injini ikipata moto

Pistoni nyingi ni za aluminiamu, ambayo hupanuka kwa joto kuliko chuma. Pistoni iliyochakaa huyumba ndani ya silinda ikiwa baridi na kutoa mlio butu, ambao hufifia baada ya dakika chache. Si jambo la dharura, lakini chunguza iwapo gari limeanza kula oili.

Mlio wa tik-tik ubavuni mwa injini waweza kuwa wa moshi unaovuja bomba linapoungana na injini. Chuma kikipata moto hupanuka na kuziba ufa. Tafuta masizi meusi mahali hapo. Moshi huo una sumu. Usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa.

Kwa injini ya dizeli, mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Baridi huyachelewesha, kisha yakawaka kwa kishindo. Subiri taa ya plagi za kupasha joto izimike kabla ya kupiga stata. Injini ikizidi kugonga na kutoa moshi mweupe hata baada ya kupata moto, plagi hizo na nozeli zichunguzwe.

Mlio wa hatari

Mlio mzito kutoka chini, unaofuata mzunguko wa injini, unaoongezeka ukikanyaga mafuta na usiokoma injini ikipata moto, huashiria kuwa beringi za konrodi zimelika. Oili ikipata moto huwa nyepesi, nao mlio huzidi.

Hapo zima injini, hasa taa nyekundu ya oili ikiwaka. Usijaribu kufika mjini, gari livutwe. Beringi ikikwama, konrodi yaweza kukatika na kutoboa injini. Ikibadilishwa mapema, injini yaweza kuokolewa.

Kwa fundi na kwa muuzaji

Gari likifika gereji likiwa na moto, fundi hatausikia mlio unaolalamikia. Liache lilale huko ili aliwashe mwenyewe asubuhi. Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, mwombe apime nguvu ya oili kwa geji, kisha azime silinda moja baada ya nyingine. Mlio ukipungua silinda fulani ikizimwa, huenda tatizo limo humo.

Tahadhari hiyo inamfaa pia mnunuzi. Magari mengi nchini huja yakiwa yametumika ng'ambo, na kanuni ya KS 1515 ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) huruhusu yale yasiyozidi miaka minane. Umri pekee haumwelezi mnunuzi jinsi gari lilivyotunzwa, na oili nzito yaweza kuficha mlio wa injini iliyochakaa. Gusa boneti kabla ya gari kuwashwa. Ukikuta ina joto, rudi kesho alfajiri.