Uvumi na Ukimya

Kila zinapozuka fujo za kisiasa siku hizi, lawama ya kwanza huiangukia simu. Husemwa kwamba vijana wameharibiwa na mitandao ya kijamii, na kwamba zamani watu waliishi kwa kuelewana mpaka vilipokuja vyombo hivi vya kurusha maneno. Madai hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Mtu akiirudia historia yetu ya Afrika Mashariki ataona kwamba uvumi ulikuwa na miguu muda mrefu kabla ya simu ya mkononi, na kwamba mara nyingi kinachoupa mbio ni ukimya wa wale waliopaswa kusema.

Tuanzie Unguja. Miaka ya 1957 hadi 1963 wenyewe waliiita Zama za Siasa. Chama cha Hizbu kilikuwa na gazeti la Mwongozi likikiunga mkono, na upande wa Afro-Shirazi ulikuwa na Afrika Kwetu. Tangu 1954 ilisikika pia idhaa ya Kiswahili kutoka Cairo. Mtu mmoja aliyejua kusoma aliwasomea wengine barazani, na maneno yalipohama kutoka baraza moja hadi jingine yalizidi kutiwa chumvi. Haukupita muda mrefu watu wakagomea maduka ya wasio wa chama chao, wakabaguana ndani ya mabasi, na wapo waliokataa kuzikana. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu, na vyama vikatoka sare. Uchaguzi uliporudiwa Juni mwaka huo huo, zilizuka ghasia zilizoua watu 68.

Nimeyataja hayo kwa sababu wapo wanaodai kwamba ubaya wa mitandao ni kule kujificha kwa msemaji, kwamba mtu akionekana uso ataona haya kusema uongo. Msomaji wa gazeti pale barazani alikuwa na uso. Alijulikana ni mtoto wa nani na anaswali msikiti gani. Hata hivyo chuki ilienea. Watu hawakuuliza habari ni ya kweli au la; waliuliza ni ya upande gani. Ugonjwa huo tunao hadi leo, na haukuletwa na simu.

Sasa tuvuke tuingie Kenya. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Siku tatu zilizofuata zilikuwa za kusubiri, na kadiri matokeo yalivyochelewa ndivyo minong'ono ilivyozidi. Jioni ya tarehe 30, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila Odinga. Tangazo hilo lilitolewa katika chumba ambamo shirika la utangazaji la serikali peke yake ndilo lililoruhusiwa. Muda mfupi baadaye Rais akaapishwa Ikulu, giza likiingia. Usiku haujakucha, serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni.

Hebu fikiri, msomaji, hali ya mtu aliyekuwa Kisumu, Eldoret au Kibera usiku ule. Mitaa inawaka moto, na redio inapiga muziki. Simu mfukoni ikalia: ujumbe mfupi, haujulikani umetoka wapi, ukisema kabila fulani linajipanga kuja kuua. Mtu huyo angemuuliza nani? Chombo alichozoea kukiamini kilikuwa kimefungwa mdomo. Akafanya alichoweza, yaani akamtumia ndugu yake ujumbe ule ule ili naye ajihadhari. Wengi waliosambaza maneno yale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu, na kila aliyepokea onyo aliona ni wajibu wake kulifikisha mbele. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo na watoto wao. Mpaka mapatano yaliposainiwa tarehe 28 Februari chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamefukuzwa makwao. Tume ya Jaji Kriegler iliyochunguza uchaguzi ule ilisema baadaye kwamba kura zilivurugwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda.

Katika siku zile serikali ilifikiria kuzima huduma ya ujumbe mfupi. Haikuzimwa. Badala yake Safaricom iliwatumia mamilioni ya wateja wake ujumbe wa kuhimiza amani kwa njia ile ile iliyokuwa ikipitisha chuki. Wakati huo huo Wakenya wachache waliokuwa na ujuzi wa kompyuta walianzisha Ushahidi, mahali ambapo raia angeweza kutuma habari ya tukio alilolishuhudia ikawekwa katika ramani, wote wakaiona. Jina lenyewe linatosha kueleza kilichokuwa kimekosekana.

Miaka kumi baadaye uongo ulikuwa umejifunza kuvaa nguo nzuri. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017 zilizunguka video zilizotengenezwa zionekane kama habari za BBC na CNN. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza iliwarekodi kwa siri wakuu wa kampuni ya Cambridge Analytica wakijivunia kazi waliyokifanyia chama tawala cha Kenya katika chaguzi mbili. Zamani hofu ilizuka yenyewe mtaani. Sasa wapo walioifanya biashara.

Lakini 2022 kulitokea jambo ambalo tusipolitaja tutakuwa tumeidhulumu historia. Tume ya Uchaguzi iliziweka wazi kwenye intaneti fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000, kila raia mwenye simu aweze kuzisoma na kujumlisha mwenyewe. Vyombo vya habari vikatoa hesabu zilizopishana, ubishi ukawa mkali, na makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo. Uzushi haukukosekana. Hata hivyo aliyetaka kujua alikuwa na pa kuangalia, na aliyepinga alikwenda Mahakama ya Juu. Mahakama ilitoa uamuzi tarehe 5 Septemba, na damu ya 2008 haikurudi.

Ndipo tunafika Juni 2024. Vijana waliupinga Mswada wa Fedha kwa kutumia simu. Waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakajadiliana usiku kucha, wakachangiana kwa M-Pesa fedha za kuwatibu majeruhi. Wengi walistaajabu kuona kwamba hawakuulizana makabila. Tarehe 25 waliingia Bungeni, risasi zikafyatuliwa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini mswada. Siku ile ile ya tarehe 25 intaneti ilidorora, na usiku zikazagaa habari za mauaji makubwa huko Githurai, kila mtu na idadi yake. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya baadaye ilihesabu vifo 39 nchini kote. Idadi hiyo ni ya kutisha kiasi cha kutosha, wala haikuhitaji kuongezwa. Lakini penye giza kila kivuli huwa jitu.

Tanzania nayo ilizimiwa intaneti siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, ikakaa siku kadhaa bila huduma hiyo. Iliporudi, idadi za waliokufa zilizotajwa na pande mbalimbali zilipishana mno, na kila upande ukaamini yake.

Zipo dawa ndogo ndogo. WhatsApp, kwa mfano, tangu 2019 imepunguza idadi ya watu ambao mtu anaweza kuwarushia ujumbe kwa mara moja. Hatua kama hizo husaidia kupunguza mwendo, lakini hazigusi mzizi. Serikali inayoziba redio au kuzima intaneti ili kuzuia uvumi inafanana na mtu anayezima taa ili asionekane nyoka. Nyoka yumo, na sasa hakuna anayejua yuko wapi.

Sisi raia nasi tuna sehemu yetu. Yule aliyesusia mazishi ya jirani mwaka 1958 hakushurutishwa na gazeti, na yule aliyerusha ujumbe wa chuki mwaka 2008 alibonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe. Tukipata habari inayotufurahisha kwa sababu inamchafua mpinzani wetu, hiyo ndiyo ya kuichunguza kwanza. Na tukiwa na madaraka, hata yawe ya shina au ya shule, tuseme mapema na tuseme kweli. Nafasi tunayoiacha tupu, mwingine ataijaza.