Les Mangelepa: Bendi kongwe iliyovunja kimya kwa albamu mpya

WAPENZI wa nyimbo za zilizopendwa kutoka Embu hadi Meru hawahitaji kuelezwa Les Mangelepa ni akina nani. Wimbo wa Embakasi unapopigwa redioni, aliyekuwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1970 hutambua tarumbeta zake kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Lililowashangaza wengi ni kwamba mwaka 2017, miongo minne baada ya kuundwa, bendi hiyo ilitoa albamu mpya.

Albamu hiyo inaitwa Last Band Standing, yaani bendi ya mwisho ambayo ingali imesimama. Ilisambazwa na kampuni ya Strut ya jijini London, nyimbo zikiwa zimerekodiwa Nairobi katika studio ya Ketebul, inayosimamiwa na William Tabu Osusa. Mwaka huo huo wanamuziki hao walifunga safari hadi Ulaya kuitangaza.

Jina hilo si majigambo matupu. Miaka ya 1970 jiji la Nairobi lilikuwa limejaa bendi kutoka Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Super Mazembe, waliotamba kwa wimbo wa Kasongo, walisambaratika katikati ya miaka ya 1980. Samba Mapangala, kiongozi wa Orchestra Virunga, alihamia Marekani katika miaka ya 1990. Baba Gaston, ambaye wanamuziki wengi wa Les Mangelepa walitoka mikononi mwake, alifariki mwaka 1997.

Kuzaliwa kwa bendi hii kulikuwa uasi. Baba Gaston, jina lake kamili Ilunga wa Ilunga, alifika Nairobi mwaka 1975 na bendi yake ya Baba National baada ya kukaa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kundi la wanamuziki wake, wakiongozwa na Bwammy Walumona, lilimwacha na kuanzisha Les Mangelepa. Miongoni mwao alikuwa mwimbaji Kabila Kabanze, maarufu kama Evany, ambaye baadaye alikuja kuiongoza bendi.

Vijana hao walijua soko walilolilenga. Hawakung'ang'ania Kilingala peke yake, bali waliimba pia kwa Kiswahili, na katika Nyako Konya wakatumia maneno ya Kijaluo, yaani msichana, nisaidie. Gitaa zao zilikwenda kwa mwendo wa polepole mwanzoni, kisha wimbo ukachangamka na tarumbeta pamoja na saksafoni zikaingia kwa kishindo. Santuri za wakati huo zilikuwa na nyuso mbili, hivyo wimbo mrefu ulikatwa katikati na msikilizaji akalazimika kugeuza santuri ili afikie sehemu ya kucheza. Ni sehemu hiyo ya pili iliyowatoa watu vitini.

Embakasi ni wimbo wa kuagana katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Uwanja huo ulipewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978, lakini katika midomo ya mashabiki umebaki Embakasi.

Sauti hizo zilifika mbali kupitia Idhaa ya Taifa ya Sauti ya Kenya, shirika ambalo lilikuja kuitwa KBC mwaka 1989. Mkulima wa miraa wa Meru au wa kahawa wa Embu, asiyejua neno hata moja la Kijaluo wala la Kilingala, alizisikia sawa na mwenyeji wa Kisumu. Huko Chuka, katikati ya njia ya kutoka Embu kwenda Meru, watu walikuwa na ngoma zao ndefu zinazosifika kote nchini, na rumba ya wageni haikuzifukuza.

Hata hivyo, neno hilo la wageni ndilo lililoleta kizaazaa. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliamuru kwamba robo tatu ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kenya. Agizo hilo halikudumu, lakini liliacha swali gumu: je, wimbo wa Kiswahili uliotungwa na kurekodiwa Nairobi, na kununuliwa na Wakenya, ni wa Kenya au wa Zaire kwa kuwa mwimbaji ana pasipoti ya Zaire? Katika miaka iliyofuata serikali ilikaza kamba kuhusu vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni. Aliyekosa kibali hakuwa na la kufanya ila kufungasha gitaa lake na kuondoka.

Pigo jingine lilikuwa kaseti. Santuri haikuwa rahisi kuigiza, lakini kaseti mtu yeyote mwenye mashine mbili aliweza kuinakili na kuiuza kando ya kituo cha matatu. Msanii alisikia wimbo wake kila mahali na hakupata senti. Hapa Mkongo na mwanabenga wa Kimeru walikuwa katika mashua moja, ingawa mara nyingi walichukuliwa kuwa wapinzani.

Les Mangelepa hawakuwa wa kwanza barani kurudi hivi. Orchestra Baobab ya Senegal ilivunjika mwaka 1987, ikaungana tena mwaka 2001 na kutoa Specialist in All Styles mwaka uliofuata. Tofauti ni kwamba Baobab walikuwa na Youssou N'Dour kama mmoja wa watayarishaji. Les Mangelepa waliishi kwa kupiga muziki katika vilabu vya Nairobi, mbele ya mashabiki waliokuwa wakizeeka nao.

Katika albamu ya 2017, nyimbo za zamani kama Nyako Konya zilirekodiwa upya. Walioizoea santuri hawana budi kukiri kwamba sauti za wazee si zile za mwaka 1977, na pia kwamba mitambo ya sasa imeisafisha ile mikwaruzo ambayo wengine waliipenda. Lakini tarumbeta hazikuondolewa, na wimbo haukatwi tena katikati. Sehemu ya kucheza inafuata bila mtu kuinuka kugeuza santuri.