Chombo cha Magurudumu Mawili na Nguvu Yake

Lugha yetu ina desturi ya kukipa chombo kigeni jina kwa kukisikiliza. Pikipiki ilipoingia mijini haikungoja kamusi; watu waliusikia mlio wake wakauigiza kwa vinywa vyao, na wengine wakaiita tukutuku, jina ambalo nalo ni mwigo wa sauti ile ile. Penye sauti isiyoshika, jina lilitafutwa kwingine: daladala ilipata lake kwa dala, yaani sarafu ya shilingi tano, bajaji kwa kampuni ya India iliyoiunda, na bodaboda kwa mpaka wa nchi mbili. Leo katika barabara za Kigali na Nairobi, na kwa uchache Dar es Salaam, kinapita chombo kisicho na mlio wa kuigizwa. Tunakiita pikipiki ya umeme, yaani tumekiazima jina la injini ambayo hakina.

Jambo hili la jina ni dogo, ingawa kwa mtu mwenye ugonjwa wa kutunga mashairi halipiti bila kumwasha. Kubwa zaidi ni swali la nani anayeimiliki nguvu inayokisukuma chombo. Mtu akiifuatilia historia ya magurudumu mawili katika miji yetu, ataona kwamba kila nguvu ilipobadilika, hali ya mwendeshaji nayo ilibadilika.

Asili ya bodaboda ni Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Kati ya kituo cha upande huu na kituo cha upande ule palikuwa na masafa ya kuchosha mguu, na magari hayakuweza kuyavuka bila karatasi nyingi. Vijana wenye baisikeli wakatia mto juu ya kibebeo cha nyuma, wakavusha watu na mizigo, wakinadi safari kwa neno la Kiingereza la mpaka walivyolisikia. Baadaye biashara hiyo ilienea katika miji mingi, na kwetu sisi, huko Shinyanga na Tabora, baisikeli ya abiria ikaitwa daladala kama basi. Wakati huo baisikeli zilikuwa za namna chache: Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya Shanghai, na Swala yetu wenyewe iliyoundwa Dar es Salaam. Kazi ilikuwa ngumu, na sitaki kuipamba. Kumpakia mtu mzima na gunia lake mlimani si jambo la kuimbiwa na asiyelifanya. Lakini nguvu ilikuwa ya mwendeshaji mwenyewe. Mnyororo ukikatika, fundi alikuwa chini ya mti wa jirani. Siku asipokuwa na fedha, chombo kilikwenda vile vile, mradi amekula.

Injini ilipomfikia ilimwondolea jasho ikamletea hesabu. Mwaka 2008 Kenya iliziondolea kodi pikipiki ndogo, na mwaka 2010 Tanzania ilitoa kanuni za leseni za kusafirisha abiria kwa pikipiki na bajaji, baada ya biashara hiyo kuendeshwa muda mrefu kwa kuviziana na polisi. Pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zikajaa. Vijana wengi hawakuweza kununua, ndipo likazaliwa jambo ambalo kila kijiwe hulijua: tajiri hununua pikipiki, kijana humpelekea hesabu kila jioni; au huingia mkataba, akalipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chake. Tajiri alikuwa mtu mwenye uso na nyumba inayojulikana. Aliweza kuombwa msamaha siku ya mvua.

Umeme, kwa upande wake, si mgeni kwa magurudumu mawili kama tunavyodhani. Mwaka 1895, huko Marekani, Ogden Bolton alipata hataza ya baisikeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma na betri chini ya chuma cha fremu. Umbo hilo halikupungukiwa sana. Kilichopungua ni betri, ambayo ilikuwa nzito na hafifu, na petroli ikashinda kwa karibu miaka mia. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ilianza kuuza Japani baisikeli ambayo mota yake humsaidia mtu kwa kadiri anavyokanyaga.

Walakini, waliokifanya chombo hiki kuwa cha umma ni Wachina. Miji yao ilikuwa imechoshwa na moshi, na mingi ikazuia pikipiki za petroli. Guangzhou ilizipiga marufuku mwaka 2007. Wakati huo huo sheria ya barabara iliyoanza kutumika mwaka 2004 iliihesabu baisikeli ya umeme kuwa chombo kisicho cha mota, na mwenye nayo hakuhitaji leseni ya udereva. Kwa mwananchi wa kawaida, njia moja ilifungwa na nyingine ikafunguliwa siku za karibu. Leo vyombo hivyo nchini China vinazidi milioni 300. Havikuja bila msiba: Februari 2024 moto uliwaua watu 15 katika jengo la makazi huko Nanjing, baada ya kuanzia chini, mahali palipowekwa baisikeli za umeme. Betri iliyojeruhiwa, au iliyochajiwa vibaya, ni jiko lisilo na mlinzi.

Katika Afrika Mashariki, Rwanda ndiyo iliyotangulia kwa azimio. Pikipiki za abiria huko Kigali huitwa moto, kwa kufuata Kifaransa, na Mswahili akiambiwa apande moto hana budi kucheka kwanza. Mwaka 2019 kampuni ya Ampersand ilianza kuendesha pikipiki za umeme katika mji huo. Mwaka 2021 serikali ikatoa nafuu za kodi. Na tangu Januari 2025 pikipiki mpya inayosajiliwa kwa biashara ya abiria mjini Kigali sharti iwe ya umeme. Kenya nayo, mwaka 2023, iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, ambayo hupungua nusu katika saa za matumizi madogo.

Mpango unaotumika sana ni huu. Mwendeshaji wa abiria hawezi kukaa saa nyingi akingoja betri ijae, kwa kuwa saa zake ndizo ugali wake. Hivyo huenda kwenye kituo, akaivua betri iliyokwisha, akapewa iliyojaa, akalipia umeme aliotumia na kuondoka kwa dakika chache. Betri ndicho kiungo cha bei kubwa kuliko vyote, na kwa kuwa kampuni hubaki nayo, pikipiki huweza kuuzwa kwa bei ambayo kijana ataikaribia. Ni ubunifu wa kweli, nami sioni aibu kuusifu.

Lakini mwaka jana, nikiwa Nairobi kwa shughuli, nilipanda pikipiki ya namna hiyo. Mji ule wenyewe huita pikipiki nduthi. Tulikwenda kimya hata nikasikia tunavyoongea, jambo ambalo sikuwahi kulipata juu ya bodaboda. Nikamwuliza kijana kama anaipenda.

"Naipenda, mzee. Siku hizi kitu fulani kinabaki mfukoni, na mgongo hautetemeki."

"Na itakuwa yako lini?"

"Pikipiki itakuwa yangu nikimaliza kulipa. Betri haitakuwa yangu hata nikimaliza."

Akanieleza kwamba aliuguliwa na mtoto, malipo yakachelewa siku mbili, na asubuhi ya tatu chombo kilikataa kuwaka. Kilikuwa kimezimwa kutoka ofisini, kwa mtambo, bila mtu kufika mlangoni kwake. "Sasa utamwomba nani?" aliniuliza. Sikuwa na jibu, nikashuka nikamlipa.

Nimelifikiri swali lake kwa muda, na nimelirudisha nyumbani. Tanzania huagiza petroli yote kutoka nje. Waliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, nami nikiwamo, wanakumbuka foleni za mafuta na Jumapili ambazo magari ya binafsi yalizuiwa kutembea mchana. Umeme ni wetu: Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kuzalisha Februari 2024, na uwezo wake kamili ni megawati 2,115. Itakuwa ajabu basi ikiwa nguvu imetoka katika mto wa taifa, halafu mlango wa kuifikia ukashikwa na kampuni moja moja, kila moja na betri ya umbo lake isiyoingia katika pikipiki ya jirani. Petroli, pamoja na maovu yake yote, huuzwa kwa kila anayekuja na chupa. Ningependa wenye mamlaka ya viwango waliangalie jambo hili mapema, vituo vikiwa bado vichache, kwa sababu umbo la betri likishazoeleka halibadiliki kwa barua.

Liko na suala la kimya chenyewe. Mpita njia wa mji wetu huvuka barabara kwa masikio kama kwa macho, na asiyeona huvuka kwa masikio peke yake. Chombo kisichosikika kitamfikia kabla hajajua kwamba kipo. Baisikeli ya zamani ilikuwa na kengele, na dereva wake aliipiga hata pasipo na mtu, kwa fahari tu.

Katika kijiwe kilicho karibu na ofisi yangu zimefika mbili. Niliwauliza vijana wanaziitaje. Walitazamana, mmoja akasema kwa sasa wanasema "ile ya umeme", na kwamba mwenye nayo hupiga honi mara nyingi kuliko wote.