Baridi ya Ufipa: Jiloweke maji ya moto, lakini usizidishe

Juni na Julai, baridi ya Ufipa, kuanzia Mpui hadi Sumbawanga mjini, huwafanya wengi watamani maji ya moto. Iwe beseni kubwa la nyumbani au jakuzi ya hotelini, hatari ni ileile: mwili kuzidiwa na joto.

Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka kwenye ngozi. Ukizama hadi shingoni, jasho halikauki. Joto linapanda, mishipa ya damu inatanuka, presha inashuka. Ndiyo maana mtu akisimama ghafla anaona giza na kuanguka.

Zingatia haya:

- Maji yasizidi nyuzi joto 40. Huna kipimajoto? Pima kwa kiwiko. Yakichoma, ongeza ya baridi.
- Dakika 10 hadi 15 zinatosha.
- Usiingie ukiwa umekunywa pombe.
- Mwenye presha au ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza.
- Mjamzito aepuke, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Joto kali laweza kumdhuru mtoto tumboni.
- Chemchemi si beseni. Za Songwe, karibu na Mbeya, hutoa maji yanayozidi nyuzi 70. Hayo yanaunguza.

Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma, usijikaze. Toka taratibu, kaa chini, kunywa maji, jifute kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Aliyezimia au anayeongea ovyo mtoeni majini haraka, mpozeni na mumwahishe hospitali.