Reli Mbili, Mto Mmoja

Abiria anayeshukia Elko, jimboni Nevada, akitokea California, hashukii mahali pamoja na mwenzake anayetokea Chicago. Kila upande wa safari una reli yake, na Mto Humboldt umepita katikati. Kwa nini reli zinazofanya kazi pamoja ziachane hivyo?

Jibu la kwanza ni ushindani. Central Pacific ilijenga bondeni humo mwaka 1868 na 1869, ikielekea kukutana na Union Pacific huko Utah. Miaka arobaini baadaye ikaja Western Pacific, iliyokamilika 1909. Katika nchi kame yenye milima, njia rahisi ni kando ya mto, basi mgeni naye akafuata bonde lile lile. Kila kampuni ilikuwa na reli moja tu. Treni mbili zikikutana, moja ilijitenga pembeni na kungoja.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilivunja ukaidi huo. Serikali ya Marekani ilishika usimamizi wa reli mwishoni mwa 1917, na reli hizo mbili zikatumiwa kama moja. Zilirudishwa kwa wenyewe 1920, lakini faida ilikuwa imeonekana. Mwaka 1924 mahasimu walikubaliana: treni za kwenda mashariki zipite reli ya Western Pacific, za kwenda magharibi zipite ya Southern Pacific, mrithi wa Central Pacific. Kwa karibu kilomita 290, hakuna tena kungojana.

Jibu la pili ni mlima. Huko Wyoming, treni za Union Pacific zilizotoka Cheyenne kwenda magharibi zilipanda mwinuko wa asilimia 1.55. Mwaka 1953 kampuni iliongeza reli nyingine kupitia Harriman. Ni ndefu zaidi, ila mwinuko wake hauzidi asilimia 0.82. Kwa treni nzito, kuzunguka kulikuwa nafuu kuliko kupanda.

Wanachama wanaotoka Kenya watakumbuka reli mbili za Mombasa na Nairobi. Hizo haziwezi kugawana safari kama za Nevada: ya zamani ina upana wa milimita 1,000, mpya ya 2017 ina 1,435. Mahasimu wa Nevada waliweza kupatana kwa sababu, pamoja na uhasama wao wote, walitandika reli za upana mmoja.