Mama Mbele ya Hukumu: Taharuki katika Riwaya ya Mary Higgins Clark

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, taharuki aghalabu hufasiliwa kuwa ni hamu ya msomaji ya kutaka kujua litakalofuata. Fasili hiyo ni sahihi, lakini haitoshelezi. Riwaya ya Kimarekani Where Are the Children?, iliyochapishwa mwaka 1975, yadhihirisha kwamba taharuki yaweza pia kuwa kipimo cha wepesi wa jamii katika kuhukumu.

Mwandishi wake, Mary Higgins Clark, alizaliwa New York mwaka 1927. Mumewe alifariki mwaka 1964, akamwachia watoto watano wa kulea. Kitabu chake cha kwanza, kilichohusu maisha ya George Washington, hakikupata soko, ndipo akageukia hadithi za taharuki. Chimbuko la riwaya hii ni kesi iliyovuma New York kuanzia mwaka 1965, baada ya watoto wawili wa mama mmoja wa Queens kutoweka na hatimaye kukutwa wamekufa. Mama huyo alishitakiwa, na mwenendo wake wa faragha ukajadiliwa kwa ukali magazetini na mahakamani. Clark hakuisimulia kesi hiyo. Alichukua hofu iliyomo ndani yake, kisha akauliza: itakuwaje iwapo mama hana hatia?

Mhusika mkuu, Nancy, aliwahi kutiwa hatiani huko California kwa mauaji ya watoto wake wawili, akaachiwa kwa sababu ya kasoro za kisheria. Kuachiwa huko hakukumsafisha mbele ya watu. Akahamia Cape Cod, akabadili sura yake, akaolewa tena na kupata watoto wengine wawili. Siku ya kuzaliwa kwake, gazeti la hapo linachapisha habari za kesi ile ya zamani pamoja na picha yake. Asubuhi hiyo hiyo watoto wanatoweka.

Hapa ndipo ufundi wa msuko unapojitokeza. Tangu mwanzo, msomaji anaonyeshwa mwanamume anayeivizia familia hiyo, na muda si muda anajua watoto wako mikononi mwa nani. Polisi hawajui, nao macho yao yamemwelekea mama. Taharuki, basi, inatokana na pengo lililopo baina ya anachokijua msomaji na wanachokiamini wahusika. Saa zinakwenda, na kila dakika inayotumika kumshuku Nancy ni dakika inayopotea katika kuwatafuta watoto. Mwishowe yabainika kwamba mtekaji ni mume wake wa kwanza, mhadhiri aliyedhaniwa amekwisha kufa. Ufunguo wa fumbo ulikuwa katika kumbukumbu za mama mwenyewe, ambazo watu wachache tu walikuwa radhi kuzisikiliza.

Ulinganisho na riwaya ya Kiswahili unaiweka wazi hoja hii. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla anamtumia Bwana Msa, mpelelezi mwenye busara anayeziona dalili zinazowapita wengine. Katika muundo huo msomaji anajua machache kuliko mpelelezi, na raha yake ni kufumbuliwa fumbo. Katika riwaya ya Clark msomaji anajua mengi kuliko polisi, na adha yake ni kushuhudia dhuluma ikitendeka bila ya uwezo wa kuizuia. Muundo wa kwanza unajenga imani katika akili ya mtu mmoja. Wa pili unatia shaka katika akili ya umma.

Riwaya pendwa, ikiwamo ya upelelezi, imekuwa ikibezwa mara kwa mara kuwa ni burudani tupu isiyostahili kuhakikiwa. Mfano huu wapinga dhana hiyo. Kumpa au kumnyima msomaji maarifa si hila ya kuuzia vitabu tu, bali ni uamuzi wenye uzito wa kimaadili. Kwa hiyo, mhakiki wa taharuki hana budi kuuliza, pamoja na kile kilichofichwa, kimefichwa kwa nani, na ni nani anayeumia kwa kufichwa huko.